Gari Iliyopumzika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeiona! Kwa macho yangu! Iko katika parsele moja, ua wa watu, pale Kavimvira, imefunikwa turubai. Gari ya Kijerumani, rangi ya majivu, viti vya ngozi, milango inayojifunga bila kelele. Mwenyewe ni tajiri wa Bujumbura aliyehamia Ulaya. Gari ikabaki imelala. Imetembea kidogo sana. Teksi ya shemeji Ngabo inatembea zaidi ya hapo kati ya Krismasi na Pasaka.

Anayeiuza ni Jean-Marie, komisioneri, mtu mwembamba anayeishi kwa kuuza vitu vya wengine. Amenishangaza. Badala ya kuisifu gari akaanza kuisema vibaya! Kwamba gari kusimama si afya. Kwamba mafuta ya moteri hayakubadilishwa miaka na miaka. Kwamba tajiri alifanya vidange, kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, mara moja tu, na hata hiyo moja hana hakika nayo. Nikacheka moyoni. Kunidanganya minye, Rugema, mtoto wa wafugaji! Mtu akitukana ng'ombe wake mbele ya mnunuzi, ujue anataka kubaki naye. Nikamwambia asijisumbue.

Halafu anitishe na mafuta? Mama ana kisabo, kibuyu cha kusukia maziwa, alichoshuka nacho kutoka milimani akiwa amekifunga mgongoni. Hakijawahi kuona sabuni. Ndani mna siagi ya tangu enzi za marehemu baba, imeshika kwenye kuta, na ndiyo inayofanya maziwa yagande vizuri. Ukikisugua umekiua. Mafuta yakikaa, chombo kinayazoea. Kila mtu kule juu analijua hilo. Ngabo anamwaga mafuta kila wakati, ndiyo maana gari yake inakohoa.

Mpango ni harusi. Kila Jumamosi Uvira ina maharusi, na maharusi hawana gari ya heshima. Wanapanda teksi ya Ngabo iliyofungwa riboni! Mimi nitawapandisha ngozi.

Kiwanja nimekwisha kuuza. Pikipiki pia. Pesa imepungua kidogo tu, na hicho kidogo kina miguu minne.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Niandike pole pole, nimechoka.

Gaju ni ng'ombe wa Mama. Wengine wote waliporwa mwaka ule tuliokimbia. Gaju peke yake alishuka nasi, akitembea nyuma ya Mama kama mtu wa familia. Hapa Mulongwe hakuna pa kumfuga, mto ukifurika hata sisi wenyewe hatuna pa kukaa. Kwa hiyo anakaa Bwegera kwa Eugène, Mfuliiru anayelima mpunga, rafiki wa marehemu baba. Kila Alhamisi Eugène anamtumia Mama maziwa kwa motari, dereva wa pikipiki. Mama hajamwona Gaju tangu mvua zianze, magoti yake hayakubali tena pikipiki. Lakini kila asubuhi anamwuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za wajukuu.

Nimefika Bwegera mapema. Eugène akaniuliza kama Mama amekubali. Nikamjibu kwamba Mama anaheshimu mawazo yangu. Kisha akaniomba nimpe muda hadi mavuno ya mpunga, amnunue yeye, Gaju asitoke pale alipo. Hadi mavuno! Gari ingekuwa imekwenda na mwingine!

Nimemwuza kwa mtu wa sokoni mwenye buti za mpira. Amenihakikishia kwamba ni mfugaji. Kweli alikuwa na kisu kiunoni, lakini mfugaji naye anahitaji kisu.

Gaju alikataa kupanda kamionete ya mizigo. Wakamsukuma. Akageuza kichwa akaniangalia. Nikaangalia mashamba ya mpunga. Kulikuwa na vumbi jingi, macho yakawa yanatoka machozi.

Nyumbani mke wangu Eliane ameuliza kwa nini viatu vyangu vinanuka mavi ya ng'ombe. Nimemwambia barabara ya Bwegera imeharibika sana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Ni yangu! Nimeiendesha kutoka Kavimvira hadi mlangoni, dirisha wazi, mkono nje. Watoto wa Mulongwe walikimbia nyuma. Mchuuzi mmoja wa samaki ndagala alinipigia saluti.

Ngabo alikuja kabla sijazima moteri. Ni kaka yake Eliane, jirani yetu, na ana ugonjwa wa kujua kila kitu. Hakusema hongera. Aliomba nifungue kapo, kifuniko cha moteri. Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakinusa, akaniambia kwamba hiyo kitu si mafuta tena, ni ugali mweusi. Akasema nisiiendeshe hata hadi barabarani kabla ya vidange. Eti ana bidoni, dumu la mafuta mapya, nyumbani, atanipa bure, atafanya kazi mwenyewe jioni hii hii.

Bure! Wivu umemfikisha hapo! Nimekataa kwa heshima. Aliposisitiza nimekataa bila heshima.

Halafu Mama akatoka. Macho yake yameingiwa na ukungu siku hizi, anaona vivuli. Akapita pembeni ya gari akiipapasa, taa, mlango, kiti. Nikamwambia ni ya mwanawe. Akauliza kitu kimoja tu: inaweza kufika Bwegera? Nikasema, Mama, hii inaweza kufika Kisangani! Akakaa kwenye kiti cha ngozi, akaanza kucheka kama msichana. Akasema basi Mungu amemkumbuka, sasa atamwona Gaju.

Sikulifikiria hilo. Kweli kabisa, katika mahesabu yangu yote sikulifikiria.

Eliane aliniangalia. Akaviangalia viatu vyangu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Maziwa hayakuja. Yangetoka wapi?

Mama alingoja mlangoni na kikombe chake. Kila pikipiki iliyopita aliinua kichwa. Nikamwambia motari amepata panshari, tairi limetoboka. Mchana nikamwambia panshari ilikuwa kubwa. Nilipoona hataki kuingia ndani, nikaenda dukani, nikanunua maziwa ya pakiti, nikayamimina kwenye kikombe, nikasema yamefika. Akanusa. Akampa mtoto wetu Ishema.

Kisha akasema Gaju ni mgonjwa. Kama maziwa yake yamebadilika harufu, ni mgonjwa, na ng'ombe mgonjwa lazima asikie sauti ya mtu wake. Akaomba tuondoke leo leo. Nikasema gari bado inazoea mji.

Eliane amekwisha kujua. Alinifuata nyuma ya nyumba akaniuliza nimemwuzia nani. Nikamwambia mfugaji. Akaniuliza mfugaji gani anayenunua ng'ombe mmoja sokoni bila kuuliza ana mimba au hana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Siku ya ushindi! Harusi ya kwanza! Bibi-arusi anaitwa Délice, mwalimu, msichana mkubwa mwenye gauni kubwa zaidi. Kutoka kanisani hadi sali, ukumbi wa karamu, tulikwenda mwendo wa kobe, honi zinalia, akina mama wanapiga vigelegele. Ngabo alikuwa nyuma yangu na mashangazi watano katika teksi yake. Nilimwona kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Raha gani hiyo!

Jambo jingine zuri. Tulipofika karibu na sali, taa ndogo nyekundu iliwaka mbele yangu. Ina umbo la kibuyu kidogo chenye mdomo, na tone moja linadondoka mdomoni. Kibuyu! Nilifurahi sana. Wajerumani nao lazima walikuwa wafugaji zamani. Gari inaniambia kwamba kibuyu chake kimejaa, mafuta yametulia vizuri. Nilimwonyesha bwana-arusi. Naye akasema ni nzuri.

Jioni Mama akaniuliza kama gari sasa imezoea. Nimepata wazo. Jirani wa Eugène ana ng'ombe wa rangi ile ile, hudhurungi, pembe zinafanana. Mama anaona vivuli tu. Nimempigia Eugène simu. Aliniomba nirudie, nikarudia. Halafu akaniambia kwamba ataniazima ng'ombe, lakini mdomo wake haniazimi. Nikamwambia sihitaji mdomo.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Alijipaka mafuta. Alibeba chumvi kwenye kitambaa, Gaju anapenda chumvi. Njia nzima aliongea, yeye ambaye hunyamaza juma zima. Alinihadithia habari za nyanya yake Gaju, na mama yake, na siku Gaju alipozaliwa kwenye ukungu, baba akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Baada ya Sange kile kibuyu chekundu kikawaka tena. Hakikuzima tena. Nikakifunika kwa kidole ili nisivurugwe.

Bwegera. Eugène alimsalimu Mama kwa mikono miwili, akaniruka minye kama sipo. Ng'ombe wa kuazima alikuwa amefungwa chini ya paa la nyasi.

Mama alianza kuimba kabla hajamfikia. Yale majina ya sifa ambayo sisi tunawapa ng'ombe, yeye anayajua yote. Ng'ombe yule akaendelea kula. Mama akamgusa pua. Akamgusa shingo. Mkono ukapanda hadi sikio la kushoto, pale Gaju alipo na kovu la mwiba, na mkono ukakaa hapo. Wimbo ukaisha katikati.

Nilishika ufunguo wa gari mfukoni.

Kisha Mama akaendelea kumpapasa. Alimpa chumvi yote, hadi punje ya mwisho. Akamwambia Eugène kwamba ng'ombe ametunzwa vizuri, Mungu ambariki. Eugène alikuwa akiangalia chini, akifuta uso kwa mkono. Mama akaomba turudi.

Nilifaulu! Ndivyo nilivyojisemea nikiwasha moteri. Nilifaulu kabisa!

Tulifika Nyakabere. Kwanza harufu, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Halafu mlio, tu, tu, tu, kama mtu anatwanga majani ya sombe ndani ya kapo. Nikaongeza mwendo ili upite. Ukawa mkubwa. Halafu pigo moja la chuma, moshi, kimya. Gari ikajiburuta hadi pembeni mwa shamba la mihogo, ikasimama. Nilijaribu ufunguo. Nilijaribu tena. Nilisukuma. Nilifungua kapo nikaifunga. Watu wa Nyakabere wakaja kuangalia, mmoja akasema pole, wengine wakasema ni gari nzuri.

Nikarudi kukaa ndani. Mama alikuwa kiti cha nyuma, mikono imekunjwa juu ya kile kitambaa kitupu. Akaniambia:

— Ule mutu alimuchukuaka Gaju, ulimuambia jina lake?

Nikauliza mtu gani. Akangoja tu.

Nikasema hapana. Nilisahau. Nani anauza ng'ombe na jina lake?

Akasema basi huko alipo hakuna atakayemwita. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema mvua inakuja. Hakunitukana. Hakulia. Niliyelia ni minye, nimeegemea usukani, watu wa Nyakabere wanaangalia dirishani, na sikuweza kujizuia, nililia kama mtoto mdogo. Mama akaniwekea mkono mgongoni. Hilo ndilo lililoniua.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Ngabo alitukokota kutoka Nyakabere kwa kamba. Njia yote hakusema neno kuhusu vidange. Nilikuwa nimetayarisha majibu, sikupata nafasi ya kuyatumia. Huo ni ukatili.

Moteri imekufa. Kilichotoka chini yake kilikuwa kizito, cheusi, kinakatika kwa kisu. Ngabo ameniambia kwamba mafuta yalikuwa yamegeuka kuwa lami tangu zamani, hayakuwa yakipita popote. Nimemwuliza mbona siagi ya kisabo haifanyi hivyo. Amekwenda kunawa mikono.

Mama halii, haongei, hali vizuri. Asubuhi haulizi habari za Gaju, kwa sababu hakuna habari. Haulizi za wajukuu pia. Anakaa. Eliane anamlisha uji kwa kijiko, na Mama anafungua mdomo kwa adabu tu, ili asimwudhi. Nimemwambia Eliane kwamba uzee ndio huo. Eliane ameniambia nitoke jikoni.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Habari njema! Mambo yanatengenezeka yenyewe, nimesema siku zote!

Ngabo atanunua Mjerumani wangu kama vipande: milango, taa, viti. Na Eugène amepiga simu, si kwangu, kwa Eliane. Zamani baba alimpa Eugène mtamba, kwa urafiki, kama desturi yetu ilivyo. Mtamba yule alikuwa binti wa kwanza wa Gaju. Amezaa, na mzao wake wa mwisho ni jike, mwekundu, ana afya. Eugène anasema zizi la Mama haliwezi kufa hivi. Tumpelekee tu gharama ya kumlisha na kumchanja hadi sasa, atatupa huyo mjukuu wa Gaju. Pesa ya Ngabo inatosha, tena inabaki ya kumkodia pa kulala hapa karibu, kwa jirani mwenye uwanja.

Eliane alimwelezea Mama polepole, akimshika magoti. Mama akaomba uji, na akakishika kijiko mwenyewe. Akauliza mjukuu wa Gaju ana rangi gani. Akauliza anakula vizuri. Akauliza nani atakwenda kumchukua.

Eliane alitaka aende Ngabo. Nilipinga! Minye ni mtoto wa mama yangu, minye niliharibu, minye nitatengeneza. Nilisema kwa nguvu hadi nikajiamini. Mama akasema aende Rugema. Akasema ananiamini. Usiku nilikaa macho kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Kwa kweli nilikuwa njiani kwenda Bwegera, pesa ya Ngabo mfukoni. Naliandika hili ili mtu asije akasema sikuwa njiani.

Lakini barabara ya Bwegera inapita Kavimvira, sikuichora mimi. Na Jean-Marie alikuwa amesimama pale pale, na aliponiona alijaribu kujificha, masikini, anaogopa nimekasirika. Nikamsamehe. Tukaongea. Nikauliza, kwa adabu tu, ana nini siku hizi. Hakutaka kuniambia! Nilimbembeleza hadi akafungua stoo.

Jenereta! Kubwa, ya manjano, ya hoteli moja iliyofungwa. Jean-Marie aliapa kwamba hataki kuniuzia. Akasema imekaa tu, haijawashwa sijui tangu lini, mafuta yake hayajaguswa na mtu. Alisema ndugu yangu, kumbuka gari. Hapo ndipo nilipoelewa! Gari iliniangusha kwa nini? Kwa sababu niliipeleka mbali. Hadi Bwegera! Ngozi ile ilikuwa ya mjini, ya harusi. Jenereta haiendi popote. Haina kilometa hata moja! Imepumzika kuliko gari yoyote duniani. Nitaiweka nyuma ya nyumba, Mulongwe nzima itakuja kuchaji simu, wauza samaki watagandisha samaki, na kwa faida ya kwanza nitamnunulia Mama si mtamba mmoja, ni kundi! Kundi zima, pamoja na dume! Kwa kweli ninafanya hivi kwa ajili yake.

Eugène anaweza kungoja. Yeye mwenyewe ndiye anayependa habari za mavuno.

Kamionete imeishusha jioni hii, na vijana wanne wakaisukuma hadi nyuma ya nyumba huku wakipiga kelele. Eliane bado yuko sokoni, Ngabo yuko na abiria, ni bahati. Mama yuko ndani. Tangu asubuhi ametuma watu wamkatie nyasi mbichi kando ya mto, wameziweka fungu kubwa mlangoni, na beseni ya maji pembeni. Alipooga alivaa tena kitenge cha kanisani. Majirani wameniambia kwamba amekuwa akicheka peke yake.

Nilikuwa nafunga turubai juu ya jenereta Mama aliposimama kwenye dirisha la nyuma na kusikiliza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, asimtishe mjukuu wa Gaju, kama mtoto wa watu amekunywa maji baada ya safari ndefu.

Nimemjibu ndiyo, Mama. Amekunywa.